Msumari Mtupu

"Andika hivi," mjane alisema. "Mume wangu hakusahau."

Inspekta hakuandika. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki uani, faili mapajani. Saa kumi jioni faili lile lilitakiwa kurudi kwa mkuu wake, lifungwe. Maneno ya kulifungia yalikuwa yameshapigwa chapa na mpelelezi aliyemtangulia: uzembe wa marehemu mwenyewe.

"Waliomtoa fundi shimoni kule kiwandani wanasema alifunika kengele ya gesi, akasahau kuifunua, akashuka," alisema.

"Wanasema. Afande, mimi nimelala na yule mtu miaka kumi na miwili. Jiko la gesi analizima mara mbili. Analizima, anapanda kitandani, anashuka, anakwenda kulizima tena. Nilikuwa namwambia, baba, utalioa hilo jiko." Alitaka kucheka, ikashindikana. "Kengele ile tunaifunika sisi wasafishaji tukiosha sakafu. Yeye alikuwa anapita nyuma yetu kuhakikisha tumeifunua. Leo eti kafunika yeye?"

"Siku ile na wewe ulikuwa kazini?"

"Niliacha kazi katikati. Shule walipiga simu getini, huyu mdogo ameanguka degedege. Nilikimbia kama kichaa. Saa sita niko hospitali, mtoto ndiyo kwanza amefungua macho, namwona nyapara anaingia wodini kashika kofia mkononi."

Uani kulikuwa na viti vya msiba vilivyopangwa tayari kurudishwa kwa mwenyewe. Kwenye kamba zilianikwa sare mbili za shule zinazolingana, shuka, taulo, kitambaa chekundu kilichopauka chenye doa la oili lililokataa sabuni, na gauni jeusi. Kando ya mlango, ndani ya mfuko, kulikuwa na buti za mpira.

"Za nani zile?"

"Zangu za kazi. Nyapara aliniletea. Mtu mwema sana yule."

Inspekta alisimama. Mjane alimshika mkono, akauachia haraka alipokumbuka anamshika nani.

"Pacha wangu wana miaka tisa, mama. Jana mkubwa ameambiwa na mwenzake, baba yako alijiua kwa ujinga. Mimi sitaki kitu kingine cha mtu. Nataka karatasi inayosema hakusahau."

"Nitaandika nitakachokikuta," Inspekta alisema. "Hata kikiwa kibaya."

"Kibaya zaidi ya hiki kiko wapi?"

*

Kiwanda kilikuwa kimeegemea ukuta wa kiwanda kingine cha spiriti. Matangi ya jirani yalichachusha molasi usiku na mchana, na gesi ya kaboni iliyotoka humo haikuachwa ipotee. Bomba nene liliivuta hadi huku, ikaoshwa kwa maji, ikakaushwa, ikashindiliwa na kompresa mpaka ikawa maji ya baridi kali, kisha ikajazwa kwenye mitungi. Mitungi mingine ilikwenda kwa watu wa soda, mingine kwa watu wa vizimamoto.

"Sisi ni watu wa mazingira, Inspekta," meneja alisema wakitembea. Shati lake lilikuwa jeupe kuliko karatasi zake. "Gesi ambayo ingepaa kuchafua anga, sisi tunaikamata."

"Na hii iliyomkamata fundi?"

Meneja alifungua mlango wa chumba cha kompresa.

Mashine ilikuwa imezimwa tangu Jumanne na chumba kilikuwa kimya. Sakafu ya zege. Katikati, shimo la mraba lenye ngazi ya chuma, kina chake kupita urefu wa mtu. Chini kulikuwa na valvu na maji ya kufika vifundoni. Ukutani mwa shimo, usawa wa goti kutoka chini, palifungwa kengele ya gesi.

"Kwa nini imefungwa chini hivyo?" Sajini aliyefuatana na Inspekta aliuliza. Alikuwa mtu mrefu, na hakupenda kuinama.

"Gesi hii ni nzito kuliko hewa," Inspekta alisema. "Inatuama kama maji. Ukiiwekea kengele huku juu, itakulilia ukiwa umeshakufa."

Alishuka akiwa na kipimo cha gesi cha idara kiunoni, akashika ngazi, akahesabu vidato. Kipimo kilibaki kimya, maana feni za kuazima zilikuwa zimepuliza humo siku tatu. Aliichunguza kengele. Haikuwa na kasoro. Alibonyeza kitufe cha kujaribia na ukelele ukajaa chumba kizima, Sajini akaziba masikio.

Alipopanda alikwenda mlangoni. Kwenye fremu kulikuwa na msumari, na ubao uliouzunguka ulikuwa umeng'aa kwa miaka mingi ya kuguswa. Hapakuwa na kitu juu yake.

"Hapa panatundikwa nini?"

"Sijui," meneja alisema. "Mambo ya wafanyakazi."

Inspekta alimtazama sekunde mbili. "Niitie mfanyakazi, basi."

*

Walimwita Mama Mizani kwa sababu hakuna mtungi uliotoka getini bila kupita kwenye mzani wake. Alikuwa mnene, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema hivyo.

"Karibu afande, usiniangalie hivyo, mzani wenyewe umeshanizoea. Uliza."

"Msumari wa mlangoni."

"Ah, huo." Alifuta mikono kwenye aproni. "Tunaosha sakafu kwa maji ya moto. Mvuke ukiingia kwenye ile kengele inalia, ikilia inazima kompresa, kompresa ikizimika mpaka iwake tena ni saa nzima na nyapara anatutukania hadi bibi zetu. Kwa hiyo msafishaji anaivika mfuko wa nailoni."

"Inaruhusiwa?"

"Inaruhusiwa na nani, afande? Inafanyika." Alishusha sauti. "Lakini tuna sheria yetu wenyewe. Msumarini kuna kitambaa chekundu kimoja. Ukifunika kengele, unakifunga mkononi. Hukivui mpaka umefunua. Ukiingia ukakuta msumari mtupu, hushuki shimoni, unamtafuta mwenye kitambaa. Miaka minane hajafa mtu."

"Kitambaa hicho kilikuwaje?"

"Kilikuwa chekundu enzi za ujana wake. Sasa kimepauka, kina doa la oili kama ramani. Ukikifunga unanuka mashine siku nzima."

Inspekta alifungua faili. Alimwonyesha picha iliyopigwa kwa simu dakika chache baada ya mwili kutolewa. Fundi alilala chali kwenye zege. Mikono yote miwili ya ovaroli ilikuwa imelowa hadi mabegani. Kwenye kifundo cha mkono wa kulia kulikuwa na kitambaa chekundu, kimefungwa mafundo mawili.

Mama Mizani alitazama, akageuza uso. Halafu akageuka tena, polepole.

"Hiki si chetu," alisema.

Sajini alitoa bahasha ya mochari. Inspekta alikiweka kitambaa mezani. Wekundu wake ulikuwa mkali kama pilipili. Pande mbili zilipindwa na kushonwa kwa cherehani, pande nyingine nyuzi zilining'inia. Alikinusa. Hakikunuka oili.

"Alikutwa kifudifudi, mikono ndani ya maji," alimwambia Sajini. "Angalia picha. Mikono ya ovaroli inachuruzika, kitambaa kikavu."

"Kimefungwa baada ya kutolewa."

"Na mtu mwenye mikono miwili ya kufungia. Mafundo mawili yaliyolala sawasawa, wewe jaribu kujifungia hivyo kwa mkono mmoja na meno." Alimgeukia Mama Mizani. "Jumanne, mara ya mwisho ulimsikia fundi lini?"

"Kama saa nne na nusu hivi. Kompresa ilikuwa inanguruma, lakini sauti yake naijua. Alikuwa anamwita mkewe. 'Mama Pacha! Mama Pacha!' Mara mbili. Nikasema moyoni, mapenzi gani haya ya kuitana kazini." Tabasamu lilianza, likafa. "Na mkewe alikuwa ameshaondoka."

"Mumewe hakujua?"

Mama Mizani aliushika ukingo wa mzani wake, na mshale ukatetemeka.

"Mama, nakuuliza."

"Alipita hapa mbio na kandambili zake, analia. Akaniambia, mwambie baba yao nimekwenda, mtoto ameanguka. Simu haziruhusiwi kule kwenye mashine, afande. Na mimi nilikuwa na lori la watu wa soda, mitungi arobaini. Nikasema nitamwambia wakati wa chai." Machozi yalishuka bila sauti. "Chai yetu ni saa tano."

Inspekta alimwachia muda wa kupenga kamasi. Haukuwa mrefu.

"Kandambili, umesema. Buti zake aliziacha wapi?"

"Huko huko alikokuwa anaosha. Buti hazikimbiliki."

*

Kwenye uwanja wa kupakia mitungi kulikuwa na mlingoti mfupi wenye bendera nyekundu ya hatari. Ilikuwa mpya. Kona yake ya chini ilikuwa imechanwa. Sajini aliishikilia dhidi ya upepo, Inspekta akalaza kitambaa cha mochari juu ya pengo. Mshono wa cherehani uliungana na mshono, uzi kwa uzi.

"Bendera ilitundikwa lini?"

Sajini alisoma daftari la stoo. "Jumatatu. Ilipokelewa na nyapara. Yeye ndiye aliyevaa barakoa ya hewa akashuka kumtoa. Na wiki iliyopita waligombana yeye na marehemu, meneja amesema mwenyewe. Afande, la kuvunda halina ubani."

"Waligombana kwa ajili ya nini?"

"Meneja hakusema."

"Ndiyo maana nauliza."

*

Nyapara aliitwa Geji, kwa kuwa aliweza kukwambia presha ya bomba kwa kuligusa tu. Alikuwa amebakisha mwaka mmoja astaafu. Aliingia katika ofisi waliyopewa, akavua kofia, akaona kile kitambaa juu ya meza pamoja na bendera iliyochanwa kona. Akakaa bila kuambiwa.

"Mlikuwa na ugomvi," Inspekta alisema.

"Wa mpira."

"Mpira gani?"

"Matangi ya jirani yakianza kuchacha, gesi ya kwanza inakuja imechanganyika na hewa. Haifai kujazwa. Inatakiwa itolewe juu kwa dohani, mpaka gesi safi ifike. Dohani ilioza, ikaanguka. Tukaambiwa tufunge mpira kwa muda, upitie dirishani." Alikunjakunja kofia. "Presha ikipanda, mpira unachomoka, unaangukia shimoni. Fundi alikuwa anaurudisha kila mara. Wiki iliyopita akanijia juu. Akaniambia, Geji, mpira huu utaua mtu na wewe utabeba jeneza."

"Kwa muda, tangu lini?"

"Miezi saba."

"Nani aliamuru?"

"Iko kwenye daftari la maagizo. Amesaini meneja. Chini yake nimesaini mimi."

Sajini aliondoka bila kuambiwa, akalichukue daftari kabla halijapata miguu.

"Sasa nieleze kuhusu kitambaa," Inspekta alisema. "Ulikichana kwenye bendera, ukamfunga maiti mkononi. Ukamtupia kosa mtu asiyeweza kusema. Ulikuwa unajificha?"

"Ningetaka kujificha ningeuchoma mpira."

"Basi ulikuwa unamficha nani?"

Mzee alitazama mlango.

"Nyapara, saa nane hii. Saa kumi faili linafungwa. Watoto wake wataishi wakiambiwa baba yao alikuwa mjinga. Ndicho ulichotaka?"

"Hapana," mzee alisema. "Nilipoingia niliona msumari mtupu. Sakafu nusu imeoshwa, nusu kavu. Ndoo na ufagio. Na pale ukingoni mwa shimo, pale pale kwenye ngazi, buti za mpira zimesimama mbili, kama mwenyewe amezivua akashuka. Kengele imevikwa mfuko. Spana ya fundi na begi lake vyote viko mlangoni, amevitupa. Mtu haendi kufungua valvu bila spana, afande. Alishuka na tochi tu."

Inspekta aliweka kalamu chini.

"Alikuwa anamtafuta mtu."

"Alikuwa anamtafuta mkewe. Alijua kuna gesi. Aliyejua kuliko sisi sote ni yeye. Msumari mtupu, buti ukingoni, mke haonekani, anaita haitikiwi. Wewe ungefanyaje?"

Inspekta aliichukua tena kalamu.

"Barakoa ya hewa iko wapi?"

"Stoo. Hatua mia moja na themanini kwenda peke yake. Nimezihesabu baadaye." Alijifuta uso kwa kofia. "Nikaiondolea kengele mfuko, ilie izime mashine. Nikaficha buti. Nikasema, nikiandika ukweli, mama huyu atajua kwamba aliondoka na kitambaa mkononi, na mumewe kafa akimtafuta. Atalea vipi watoto akijua hivyo? Nikaona heri marehemu asemwe na watu, kuliko mama huyu ajue. Maiti haoni haya."

"Wenye kuona haya wana miaka tisa, nyapara."

Mzee aliinamisha kichwa.

"Na kama ungesema kitambaa, ungesema na mpira," Inspekta aliendelea. "Huruma yako imekufunika na wewe. Na meneja wako. Ulilifikiria hilo?"

"Nililifikiria baadaye."

"Baadaye ya lini?"

"Ya siku hiyo hiyo."

Sajini alirudi na daftari kwapani. Meneja alikuwa nyuma yake akilalamika kwamba watu wa soda wanasubiri, kwamba kompresa lazima iwake kabla ya saa tisa. Inspekta alifunua daftari, akapiga picha kurasa mbili, akalitia kwenye mfuko wa ushahidi.

"Kompresa haiwaki," alisema.

"Kwa amri ya nani?"

"Yangu. Wewe na nyapara mtaongozana na Sajini kituoni. Chukua koti, kuna baridi."

"Nitapiga simu!"

"Piga. Kituoni tuna viti vya kusubiria majibu."

*

Aliwasili nyumbani kwa mjane saa tisa kasoro robo, peke yake. Viti vya msiba vilikuwa vimeshachukuliwa. Pacha walikuwa barazani wakigawana daftari moja la hesabu, mdogo bado uso umemsinyaa kwa ugonjwa. Mama yao aliwaambia waingie ndani. Waliingia, wakabaki nyuma ya pazia.

"Nendeni kabisa," alisema, na miguu minne ikaondoka.

Inspekta hakukaa.

"Mumeo hakufunika kengele. Kitambaa alichokutwa nacho kilichanwa kwenye bendera, akafungwa baada ya kufa. Nyapara amekiri. Gesi iliingia shimoni kwa mpira mbovu, na aliyeamuru mpira huo yuko kituoni sasa hivi."

Mjane alifumba macho. Mabega yake yalishuka, kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani.

"Nilijua. Nilisema." Alifumbua macho. "Kwa hiyo cha kwake walikuwa wamekibandika tu. Na kitambaa chenyewe, kile chetu? Nani alikuwa na..."

Hakumaliza. Alikuwa amesimama akielekea kwenye kamba ya nguo. Sare zilikuwa zimekwisha anuliwa. Kilichobaki ni gauni jeusi, na kitambaa chekundu kilichopauka, chenye doa la oili.

Inspekta hakumsaidia, wala hakumzuia.

Mjane alikwenda akakichomoa kibanio. Alikigeuza kitambaa mikononi, upande huu, upande ule.

"Nilimfutia mtoto mapovu mdomoni," alisema. "Ndani ya teksi. Nilikikuta tu mkononi, nikashukuru nina kitu cha kumfutia."

Paka alipita juu ya ukuta. Ndani, mtoto mmoja alimwambia mwenzake tano mara saba.

"Lakini yeye angeuona msumari mtupu," mjane alisema ghafla, karibu kwa hasira. "Anaangalia msumari kabla hajaangalia mtu! Asingeshuka. Wewe mwenyewe umesema hakufunika. Basi alishuka kufuata nini?"

Hilo ndilo lililokuwa limemleta Inspekta peke yake. Alilisema wima, kwa maneno machache aliyoyapata.

"Buti zako zilikuwa ukingoni, kwenye ngazi. Alikuita mara mbili."

Mjane aliutazama ule mfuko kando ya mlango. Kisha alikaa chini, pale pale kwenye vumbi, miguu imenyooshwa mbele. Hakulia kwa sauti. Alikuwa anafunga kitambaa mkononi mwake, wa kushoto, ncha moja ameishika kwa meno kama walivyozoea kazini. Akalifungua fundo. Akalifunga tena. Akalifungua.

Inspekta alichuchumaa mbele yake, magoti yakalia.

"Nisikilize, mama. Kengele isingekuwa na cha kulilia kama dohani ingetengenezwa. Nitaandika hivyo, ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa. Lakini kitambaa nacho nitakiandika. Siwezi kuandika nusu."

"Watoto watasoma?"

"Wakikua. Wakitaka."

"Watajua ni mimi."

"Watajua shule ilipiga simu na mama yao akakimbia."

Mjane alitazama pazia. Mmoja wa pacha alikuwa amerudi. Vidole vyake vya miguu vilionekana chini ya kitambaa cha mlango. Yule mgonjwa, au yule mzima. Kwa vidole tu, hata mama hawezi kujua.

Alikivua kitambaa mkononi, akakikunja mara nne, pembe kwa pembe, akamkabidhi Inspekta kwa mikono miwili.

"Andika," alisema. "Hakusahau. Niliyesahau ni mimi."

Inspekta alifungua faili juu ya goti lake. Saa yake ilionyesha saa tisa na dakika kumi. Alilikata neno la kwanza la yale yaliyopigwa chapa, kisha la pili, mpaka la mwisho, akaanza kuandika.